Kamshafti ya nguvu ikipita kipimo cha moshi, kibali cha nini?

Mleta mada:
Wakuu, ziko nchi ambako gari huchomekwa kifaa kwenye ekzosi, likisoma safi linaondoka. California haikuishia hapo. Huko kipuri cha kuongeza nguvu kinachogusa mfumo wa moshi kinatakiwa kiwe na namba ya kibali kutoka bodi ya hewa ya jimbo, CARB, na kibali hicho hutaja injini na miaka ya gari kinakoruhusiwa. Kamshafti, ule mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, imo. Msimamo wangu ni kwamba huo ni mzigo usio na faida. Kinachoumiza mapafu ni gesi, si namba ya kipuri. Gari likitoa gesi safi, liachwe. Nipingeni kwa hesabu.

Fundi injini:
Kabla ya kibali, tujue tunazungumzia kamshafti ipi. Wanunuzi wengi hukimbilia kimo cha kufunguka kwa valvu, kumbe kwenye moshi kimo si tatizo kubwa. Tatizo ni mwingiliano, yaani kile kipindi ambacho valvu ya kuingiza imeshaanza kufunguka na ya kutoa haijafunga. Hesabu yake ni hii: jumlisha digrii ambazo valvu ya kuingiza na ya kutoa hukaa wazi, gawa kwa 4, toa pembe iliyo kati ya nundu, kisha zidisha kwa 2. Kamshafti ya 256 na 264 yenye pembe ya 114 ina mwingiliano wa digrii 32. Nundu zilezile zikikaribishwa hadi pembe ya 108, unapanda hadi 44. Ya 280 na 288 kwenye pembe ya 110 inafika 64. Hizo ni digrii za tangu valvu inapoachana na kiti chake. Katalogi nyingi huandika pia digrii za kimo cha inchi 0.050, yaani zinazohesabiwa nundu ikishainua tappeti (kipande inachokisukuma) kwa kimo hicho, ambazo ni ndogo zaidi, na ukichanganya vipimo hivyo viwili utalinganisha vitu visivyolingana.

Injini ikiwa sailensi, bila kukanyaga mafuta, manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) ina vakyumu kali, yaani mvuto wa hewa. Valvu zote mbili zikiwa wazi, vakyumu hiyo hunyonya moshi kutoka ekzosi na kuurudisha kwenye silinda. Mchanganyiko unachafuka, cheche inapiga lakini moto hausambai vizuri, injini inamisi, na petroli ambayo haijaungua inatoka kama HC. Ule mdundo wa kukatakata ambao vijana wanaupenda ni HC inayopanda.

Kwa hiyo anayetaka kupita atafute pembe ya 112 hadi 116. Kwa V8 ya lita 5.7, abaki kwenye digrii 205 hadi 215 za kimo cha 0.050. Injini ya lita 1.6 ikipewa digrii hizohizo itakuwa korofi zaidi, kwa sababu silinda ndogo haivumilii muda mrefu wa kufunguka kama kubwa.

Mpangaji wa kontroboksi:
Niongezee upande wa sensa, maana hapo ndipo gari zuri hufeli bila mwenyewe kujua kwa nini. Silinda ikimisi, oksijeni yake inatoka bila kutumika. Sensa ya oksijeni haiwezi kuona petroli mbichi iliyofuatana nayo, inaona oksijeni tu. Inaiambia kontroboksi, kompyuta ya injini, kwamba mafuta ni machache. Kontroboksi inaongeza mafuta, CO (monoksidi ya kaboni) inapanda juu ya HC iliyokwishapanda, na masega (kisafishaji cha moshi kwenye ekzosi) yanapokea petroli ya kuunguza hadi yanapata joto la kuyaua. Ukiona marekebisho ya mafuta yako +15% kwenye sailensi na karibu na sifuri kwenye 2,500 rpm (mizunguko kwa dakika), kagua kwanza uvujaji wa hewa. Ukikosa, shuku mwingiliano.

Vakyumu nayo inaeleza mengi. Injini nzima yenye kamshafti ya kiwandani huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki. Ukibaki na 15 au 16, kontroboksi inapangika. Ukishuka chini ya 12, hata buster ya breki inaanza kukosa nguvu, na mfumo unaokadiria hewa kwa sensa ya presha ya manifoldi hudhani injini ina mzigo, ukamwaga mafuta. Hapo pandisha sailensi kwa rpm 50 hadi 150 na panga upya jedwali la hewa. Usizime ugunduzi wa kumisi ili taa ya cheki injini isiwake. Huko ni kuharibu mfumo wa moshi kwa makusudi, na masega yatalipa.

Mleta mada:
Wakuu, mmenisaidia. Mmesema pembe pana, vakyumu ya kutosha na kontroboksi iliyopangwa vizuri vinaleta gesi safi. Basi kipimo cha ekzosi kitaonyesha hivyo. Kibali kinaongeza nini?

Mkaguzi wa magari:
Kinaongeza kile ambacho kipimo cha ekzosi hakioni. Chukua Uingereza. Gari la petroli la kizazi cha masega, kwa viwango vya jumla, lisizidi CO 0.2% na HC 200 ppm (sehemu kwa milioni) likiwa kwenye 2,500 hadi 3,000 rpm, lambda, yaani kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta, iwe kati ya 0.97 na 1.03. Kwenye sailensi ya kawaida kinachopimwa ni CO, isizidi 0.3%. Mtazame Fundi amesema mwingiliano unadhuru wapi: sailensi. HC inapimwa wapi? Kwenye mwendo wa juu, ambako dhara hilo limeshapungua. Kamshafti korofi inaweza kupita hapo huku ikinuka petroli kwenye kila foleni.

La pili, gari hupimwa likiwa moto. Masega huanza kazi sawasawa yakifika takribani nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi. Kabla ya hapo gesi hupita karibu kama ilivyo, na sehemu kubwa ya HC ya safari nzima hutoka katika dakika hizo za kwanza. Maabara ina mzunguko wa majaribio wa FTP-75 unaoanza na injini iliyolala saa 12 hadi 36. Hakuna kituo cha ukaguzi kinachoweza kulilaza kila gari usiku kucha.

Na California yenyewe, magari mengi ya petroli ya mwaka 2000 kuendelea hayachomekwi kifaa kwenye ekzosi. Husomwa kompyuta na kukaguliwa kwa macho. Tangu Julai 2021 ukaguzi huo unalinganisha pia programu ya kontroboksi na iliyoidhinishwa. Kwa hiyo hata kamshafti isiyoonekana inajulikana kwa programu iliyoandikwa ili iifae.

Mleta mada:
La injini baridi nalikubali, lina uzito. Lakini tazama matokeo: mtengenezaji mdogo hamudu maabara, kibali kinatolewa kwa injini zinazouzika sana, na mwenye injini adimu anabaki bila kamshafti halali hata kama iliyopo ni mpole kuliko ya wenye kibali. Tuweke kikomo cha mwingiliano kwa ukubwa wa silinda, kila mtu apime mwenyewe.

Fundi injini:
Kikomo cha karatasi hakitoshi, kwa sababu kamshafti moja hutoa moshi tofauti kulingana na ilivyofungwa. Alama za gia zinaweza kuwa nje kwa digrii 4, kwa hiyo pima kwa gurudumu la digrii na geji, usiamini nukta. Ukiitanguliza, presha ya silinda kwenye mwendo wa chini hupanda, NOx (oksidi za nitrojeni) ikapanda nayo. Ukiichelewesha, sailensi hulegea. Nafasi kati ya pistoni na valvu isipungue milimita 2.0 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa kutoa. Kwenye injini yenye kamshafti inayojigeuza, weka kizuizi cha mgeuko kama nundu ni kubwa, la sivyo valvu itagonga pistoni.

Na kwa wenye tappeti bapa, oili ya kulainishia nundu mpya ina fosforasi nyingi, inayotia sumu masega. Zungusha injini kati ya 2,000 na 2,500 rpm kwa dakika 20 hadi 30, kisha imwage. Usiende kupimwa na oili hiyo, wala kabla ringi za pistoni hazijakaa.

Mwenye injini adimu ana njia nyingine: roka (mikono inayosukuma valvu) za uwiano wa 1.6 badala ya 1.5. Nundu ya milimita 7.62 inainua valvu 12.19 badala ya 11.43, na mwingiliano hauguswi kwa kiasi cha kusumbua. Hakikisha tu springi zinabakiza milimita 1.5 kabla ya kubanana. Lakini kama uko California, roka nazo zitafutie namba ya kibali kwanza.

Mkaguzi wa magari:
Hiyo ya roka naiunga mkono. Na anayenunua kamshafti yenye namba asiishie kusoma tangazo. Atafute kibali chenyewe, alinganishe injini, mwaka na modeli, kwa sababu namba halali ya lita 5.7 ya mwaka mmoja haimfai mwenye injini ileile ya mwaka unaofuata kama haukutajwa. Afanye hivyo kabla ya kufungua kifuniko cha taimingi.