Msaada: AC moja ya nyumba nzima au kila chumba na yake?

Mjenzi_Kigamboni
Habari wakuu. Namalizia nyumba Kigamboni: vyumba vinne na sebule, paa la bati, dari ya jipsam bado haijafungwa. Fundi ananishawishi niweke mashine moja kubwa yenye mifereji ya hewa juu ya dari. Tunaishi na mama, baridi ya AC inamuumiza magoti, na watoto Januari hawalali bila AC. Mchana watu wako sebuleni tu. Nifanyeje?

Fundi_Kipupwe
Mkuu, mfumo huo unaweza kugawa nyumba kwa kanda, ila kila kanda inataka themostati yake (kidhibiti cha joto) na vilango vya umeme ndani ya mifereji. Bei uliyopewa ina vitu hivyo? Kama haina, mama atapigwa baridi ileile ya watoto. Hata vikiwepo, usiku kikibaki wazi kilango cha chumba kimoja kidogo tu, hewa inakosa pa kwenda, koili (bomba za ndani zinazopoza hewa) inaganda barafu. Na mifereji ikipita chini ya bati bila kufungwa vizuri, ubaridi unaishia njiani.

Shangazi_Mbezi
Mwanangu, weka split (AC yenye kipande cha ndani na cha nje) kila chumba, umalize. BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) zinatosha chumba cha kawaida cha kulala. Ya mama iweke nyuzi 26 au 27, na upepo usielekee kitandani. Mwachie na feni.

Mdau_Tanga
Vipi zile ambazo mashine moja ya nje inahudumia vyumba vitatu au vinne?

Fundi_Kipupwe
Zinafaa ghorofani ambako nje hakuna nafasi. Ya nje ikifa, wote mnalala na joto, na huko Kigamboni chumvi ya bahari inazila kweli. Nakubaliana na Shangazi, ila chukua za inveta: chumba kikishapoa inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, umeme wa LUKU hauishi haraka. Kabla hujafunga dari, tandika kizuia joto chini ya bati, pitisha bomba za maji ya AC, na kila AC iwe na waya na breka yake.

Mjenzi_Kigamboni
Shukrani sana, Shangazi shikamoo. Sebule ni mita 5 kwa 6, dirisha kubwa linatazama magharibi. 18,000 itatosha?

Fundi_Kipupwe
Kwa jua hilo la jioni, 24,000. Ukijenga kibaraza cha kulikinga dirisha na ukaweka kizuia joto, 18,000 inatosha. Mimi ningejenga kibaraza.