Genge analiweza, mafumbo ya hesabu yanamshinda

Mama Neema, Kirumba
Habari za jioni ndugu zangu. Binti yangu yuko darasa la nne. Nikienda Mwaloni kufuata dagaa, yeye ndiye ananishikia genge. Mteja akichukua mafungu matatu ya nyanya ya 500 na kutoa 2,000, chenji ya 500 iko mkononi kabla mteja hajafunga mfuko. Lakini jana kaleta daftari: hesabu za kawaida kapata zote, mafumbo kakosa yote. Moja hili hapa: "Asha ana sato 24. Ana sato 6 zaidi ya Juma. Juma ana sato wangapi?" Kaandika 30. Nikamgombeza, akalia, na usiku sikulala vizuri, maana hata mimi sijui nimweleweshe vipi. Nisaidieni.

Mwalimu wa Igoma
Pole dada, ila usimgombeze. Hilo kosa nakutana nalo kila mwaka. Mtoto ameona neno "zaidi" akajumlisha, na mara nyingi ni sisi walimu tuliomzoesha: "zaidi" jumlisha, "baki" toa. Inamsaidia mpaka siku fumbo linapogeuzwa. Hapa aliyezidi ni Asha, Juma ana wachache: 24 toa 6, 18.

Msomee fumbo bila namba. "Asha ana sato wengi kumzidi Juma." Muulize nani ana wengi, nani ana wachache, na usiende mbele mpaka ajibu. Halafu achore mistari miwili, wa Asha mrefu, wa Juma mfupi, na kwenye kipande kilichozidi aandike 6. Hapo ndipo urudishe namba. Akipata jibu, alirudishe ndani ya fumbo: kama Juma ana 30, Asha mwenye 24 amemzidi vipi?

Baba Kulwa, Sengerema
Wangu alikwama kwenye hili: kivuko kinabeba magari 7 kwa safari moja, magari 30 yatavuka kwa safari ngapi? Kajibu "4 baki 2". Kugawanya hakukosea hata kidogo! Nikampeleka foleni ya kivuko cha Kamanga, akasimama pale akiyatazama magari ya mwisho. Mpe na binti yako hilo.

Mama Neema, Kirumba
Mungu awabariki. Leo tumekaa mkekani, badala ya mistari tukapanga dagaa wakavu safu mbili, ya Asha ndefu, ya Juma fupi. Nikamsomea bila namba. Akakodolea macho ile safu fupi, akasema, "Mama, kumbe Juma ndiye mwenye wachache!" Akachukua ufutio mwenyewe, akafuta 30. Nimemwomba radhi kwa ya jana.

La kivuko nalo nikampa. Akagawanya, akaandika 4 baki 2, akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Mama, hayo mawili yanalala huku?" Nikamwambia aamue yeye. Akafuta, akaandika 5.