Re: Wakenya na Wasomali wa Minnesota, nani wanaishi vizuri zaidi?

Kutoka: Binti wa Kondele, Kisumu

Hamjambo wazee, mama na ndugu zangu. Nimejiunga juzi kwa mwaliko wa dada mmoja. Mimi ni nesi wa diploma, na visa yangu ya kumfuata mume wangu Minneapolis imetoka. Yeye ni raia wa huko.

Amepata nyumba mbili za kupanga. Moja iko Cedar-Riverside, na kodi yake tunaiweza. Nyingine iko kitongoji cha Brooklyn Park kwenye Wakenya wengi, lakini ni ghali na kila mmoja wetu atahitaji gari. Baba mdogo, aliyewahi kuishi huko, amenikataza kabisa ile ya kwanza. Anasema pale ni kwa Wasomali, watu wa kungojea msaada wa serikali, na Mkenya anayetaka kuendelea hukaa na Wakenya wenzake. Mimi nimesoma na Wasomali hapa Kisumu na sikuwaona hivyo. Naomba ukweli: kati ya jamii hizi mbili, ni ipi inaishi vizuri huko, na kwa nini?

Kutoka: Mzee wa Brooklyn Park, kwetu Nyamira

Karibu mwanangu. Baba yako mdogo hajakosea sana. Wakenya hapa, hasa sisi Abagusii, tumeshika kazi za afya: unesi, kutunza wazee, gruphomu (nyumba za kutunzia walemavu na wagonjwa). Wengi wamenunua nyumba, na wengine wana kampuni zao za kutunza wagonjwa majumbani. Mwaka 2024 mzaliwa wa Kenya, Huldah Hiltsley, alichaguliwa kuingia bunge la jimbo kutoka upande wetu huu. Kaa karibu na watu wako. Utapata kanisa, utapata chama cha akiba, na utapata mtu wa kukupeleka kazini mpaka uzoee kuendesha gari kwenye theluji.

Kutoka: Mama wa Kiamunyi, Nakuru

Binti yangu, nimeosha wazee Minnesota kwa miaka mingi kabla ya kurudi Nakuru, na swali lako nimelisikia likijibiwa kwa haraka karibu katika kila mkutano wa Wakenya. Kwa hiyo nitakwenda polepole. Mzee wetu wa Nyamira aniwie radhi pale nitakapotofautiana naye.

Kwa upande wa mapato, ni kweli. Nyumba ya Mkenya wa kawaida kule inaingiza zaidi ya nyumba ya Msomali wa kawaida. Ninachokataa ni sababu inayotolewa, kwamba sisi tuna bidii na wao hawana. Kabla ya kupima bidii ya mtu, angalia alifika vipi.

Mkenya huchujwa kabla hajapanda ndege. Anayekwenda kusoma huonyesha ubalozini karatasi za benki na barua ya chuo. Hata mwenye bahati ya grinikadi, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, sheria ile ya bahati nasibu inamtaka awe amemaliza sekondari au awe na kazi ya ujuzi. Tena amesomeshwa kwa Kiingereza tangu madarasa ya chini. Wasio na cheti wala nauli tuliwaacha hapa Nakuru na Kisii, kwa hiyo hawahesabiwi tunapojisifu majuu.

Msomali hakuulizwa cheti. Serikali ya Siad Barre kule Somalia ilianguka Januari 1991, na watu wakavuka mpaka na walichoweza kubeba. Ilhan Omar mwenyewe, yule mwanasiasa Msomali wa Minnesota, alikuwa mtoto katika kambi ya Utange, pale Mombasa, kabla ya kufika Marekani mwaka 1995. Wengine walikaa Dadaab mpaka watoto waliozaliwa kambini wakazaa. Nilifanya kazi na mama aliyefika na watoto wake bila kujua kusoma lugha yoyote, na bado alikuwa analipa deni la tiketi ya ndege, kwa sababu mkimbizi hukopeshwa nauli na hutakiwa airudishe. Watu wake wa kwanza walifuata kazi za viwanda vya batamzinga, Marshall na Willmar, ambako mtu aliajiriwa bila Kiingereza na kusimama kwenye baridi ya machinjio zamu nzima. Huyo umlinganishe na nesi aliyetoka KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na diploma yake mkononi? Mimi siwezi.

Na hata hayo mapato yetu, Binti, ukiambiwa nyumba fulani inaingiza dola kadhaa kwa mwaka, uliza ni kwa saa ngapi. Hapo ndipo Wakenya wengi hunyamaza. Baba anafanya usiku, mama mchana. Wikendi mmoja anachukua dabo, yaani zamu mbili mfululizo. Wanapishana mlangoni, mmoja anavua viatu vya theluji na mwingine anavaa. Mtoto anajifungulia mlango akitoka shule na kupasha chakula peke yake. Kwenye takwimu nyumba hiyo inaonekana imefanikiwa. Nyumba ya jirani Msomali ina watoto sita, baba anaendesha teksi au lori, na mama ama bibi yuko nyumbani. Serikali ya Marekani hupima umaskini kwa kulinganisha mapato na idadi ya watu ndani ya nyumba, basi hiyo inaandikwa maskini, na ni kweli pesa haitoshi. Lakini ukiniuliza mtoto gani kati ya hao ana mtu wa kumuuliza ameshindaje, jibu utalipata mwenyewe.

Halafu kuna suala la pesa inakokwenda. Njoo siku moja nikutembeze huku Kiamunyi. Utaona nyumba za ghorofa za watu wa majuu, madirisha mazuri, geti kubwa, na ndani hakuna mtu isipokuwa kijana wa kulinda. Mwenye nyumba yuko Minnesota, kwenye apatimenti ya vyumba viwili, akifanya dabo ili amalizie ukuta. Benki Kuu ilihesabu karibu dola bilioni 4.9 zilizotumwa Kenya na watu walio nje mwaka 2024, na takriban nusu yake zilitoka Marekani. Pesa hiyo inasomesha na inatibu, nami nilituma bila kujuta. Ila Mkenya mwenye kipato kizuri mara nyingi hakioni alipo.

Jambo lililoniumiza zaidi ni misiba. Akifa Mkenya, tunachanga kusafirisha mwili. Tunakaa majuma matatu, mara mwezi, tunapitisha kikapu kanisani na kwenye simu, na mjane anangoja chumba cha maiti kituambie deni limefika wapi. Nimechangia watu niliowajua na nisiowajua, na sitasema ni vibaya mtu kulala kwenye udongo wa kwao. Lakini Wasomali huzika huko huko, haraka, kama dini yao inavyotaka. Msiba unabaki na machozi yake bila kuleta deni. Kisha makaburi yakishakuwa mahali, watu hao wana sababu ya kuupigania mji huo.

Ndiyo maana nikisikia habari za wabunge nafurahi, lakini naangalia miaka pia. Abdi Warsame, Msomali, alichaguliwa kuingia baraza la jiji la Minneapolis mwaka 2013. Ilhan Omar alichaguliwa kuingia bunge la jimbo 2016, na Kongresi 2018. Wetu wa kwanza katika bunge hilo la jimbo ni huyo wa 2024. Sababu moja iko kwenye sheria. Mkimbizi akipata grinikadi, tarehe yake hurudishwa nyuma mpaka siku aliyoingia nchini, kwa hiyo miaka mitano ya kuombea uraia huanza kuhesabiwa akishuka ndege. Mkenya mwanafunzi anaweza kukaa miaka minane na usihesabiwe hata mmoja. Sababu nyingine ni sisi wenyewe. Katiba yetu ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili kwa aliyezaliwa Mkenya, lakini nilikutana na watu wenye grinikadi ya miaka kumi na tano ambao hawajaomba, kwa sababu kila mwaka wanasema mwaka ujao wanarudi nyumbani. Aliyejua hana pa kurudi alijiandikisha kupiga kura. Leo adhana inasikika kwa spika Minneapolis mara tano kwa siku, na ni baraza la jiji lililopitisha hilo mwaka 2023. Hilo mtu halipati kwa kuomba.

Sitaki kukuchorea pepo. Jamii ile inabeba mzigo ambao sisi hatuubebi. Mwaka 2022 waendesha mashtaka walifungua kesi kubwa ya pesa za chakula cha watoto, wakataja dola milioni 250, na wengi wa walioshtakiwa walikuwa Wasomali. Mwanzilishi wa shirika lililokuwa kiini cha kesi, aliyepatikana na hatia Machi 2025, ni mzungu. Lakini anayenyooshewa kidole dukani ni mama mwenye hijabu ambaye hajui hata ofisi hiyo ilikuwa wapi. Juni 2025 raia wa Somalia wakawekewa marufuku ya kuingia Marekani, na mtu aliyekuwa akimngoja mkewe akabaki kungoja. Wewe umepata visa yako kwa pasipoti ya Kenya. Ukikutana nao, kumbuka hilo.

Kutoka: Ndugu wa Bondeni, sasa Minneapolis

Asalaam aleikum. Mimi ni Msomali, mzaliwa wa Nakuru, na nimesoma maneno ya mama yetu wa Kiamunyi kwa heshima. Naongeza mambo mawili.

La kwanza, nyumba. Watu huona Msomali anapanga miaka yote wakadhani hana mpango. Mkopo wa benki una riba, na riba kwetu ni haramu. Wako wanaouza kwa njia ya murabaha, benki inanunua na kukuuzia kwa bei iliyokubaliwa, lakini si wengi na si kila mtu anawafikia. Duka nyingi unazoziona Karmel Mall, soko letu Wasomali hapa Minneapolis, hazikuanzishwa kwa mkopo. Zilianzishwa kwa hagbad, ambayo ni chama cha mzunguko kama mnachokijua: kina mama kumi na tano, kila mwezi mmoja anachukua. Hakuna karatasi, na aliyekimbia na zamu yake simjui.

La pili, mama amesema kwetu kuna mtu nyumbani. Zamani, ndiyo. Siku hizi mabinti wetu ni manesi, wanafanya dabo kama nyinyi, na bibi amezeeka. Vijana wetu nao tumewapoteza wengine mitaani, na hilo tunaliongea misikitini kwa uchungu. Msitupambe kupita kiasi, mtashindwa kutusaidia.

Binti wa Kondele, ukija Karmel utasikia Kiswahili. Wengi wetu tumepitia Garissa, Eastleigh, Mombasa. Hutakuwa mgeni.

Kutoka: Binti wa Kondele, Kisumu

Asanteni sana wote. Nimemsomea mume wangu kwa simu, na baba mdogo nimempelekea pia. Amesema atatafakari. Mama, ungekuwa mimi ungechukua ipi? Na nifanye nini kabla sijaondoka?

Kutoka: Mama wa Kiamunyi, Nakuru

Ndugu wa Bondeni, umenena, nami nimepokea.

Binti, ningechukua Cedar-Riverside mwaka wa kwanza, na Jumapili ningepanda gari la mtu kwenda kanisani Brooklyn Park. Pale mjini treni ya Blue Line inapita karibu kabisa na inakufikisha mpaka uwanja wa ndege, kwa hiyo utaanza kazi kabla ya kununua gari. Mwezi wa Januari, baridi ikiwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, mtu asiye na gari kule kwenye vitongoji hufungwa ndani, na upweke wa wakati huo umewavunja wanawake wenye nguvu kuliko mimi. Chagua mahali ambapo unaweza kushuka ngazi ukakuta watu. Gharama zikishapungua mtahamia mnakotaka.

Unesi wako usiuache ukaozea kwenye kazi ya usaidizi. Mafunzo ya nesi msaidizi ni mafupi, sheria ya nchi inataka angalau saa 75, na yatakupa mshahara wa haraka. Wengi wetu tulikusudia kukaa hapo miezi sita. Pangeni na mume wako, kwa tarehe, siku ya kuanza kusomea NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi wa huko, na atakayefanya dabo kipindi hicho awe yeye.

Kuhusu kutuma pesa: tangu Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa anayepeleka pesa taslimu dukani zitumwe nje. Ukituma kutoka akaunti ya benki ya huko, au kwa kadi ya benki ya huko, haikuhusu. Fungua akaunti juma la kwanza. Na kabla hujatuma senti ya kwanza, kaeni wawili mkubaliane ni kiasi gani kwa mwezi kitakwenda kwa wazazi wa pande zote mbili, kisha uwaambie mapema, kwa upole.

Kwa kuwa mume wako ni raia, wewe unaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya grinikadi mkiishi pamoja, si mitano. Iandike tarehe hiyo siku unayofika. Uraia wako wa Kenya haupotei.

Jambo la haraka kuliko yote liko hapa nyumbani. Nenda Baraza la Wauguzi Nairobi uulize utaratibu wa kuthibitisha usajili wako kwa bodi ya nje, na nenda chuoni kwako uombe nakala za matokeo zilizopigwa muhuri na kufungwa kwenye bahasha. Fanya wewe mwenyewe, kwa miguu yako, ukiwa bado Kenya. Nimewaona manesi wakihangaika kwa simu kutoka ng'ambo miaka miwili kwa karatasi moja. Ukikwama Nairobi niandikie, nina mpwa anayekwenda huko kila juma.