Naombeni ushauri: mzee wetu anataka vijana wasome King James peke yake

Mlezi wa Vijana
Shalom wapendwa. Nalea vijana wa ibada ya Kiingereza hapa Arusha, wengi wako kidato cha pili hadi cha nne. Tumechangishana fedha za kununua Biblia, na mzee wa kanisa anayetusimamia anasema ziwe King James tu, ile tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, kwa kuwa za baadaye zimepunguzwa maneno. Namheshimu sana, ndiye aliyetukaririsha Zaburi. Shida ni kwamba vijana wanakwama. Binti mmoja alisoma 1 Wathesalonike 4:15, penye neno "prevent", akaelewa kwamba tutakaokuwa hai "hatutawazuia" waliolala. Biblia yetu ya Kiswahili, Union, inasema "hatutawatangulia", na ndiyo maana iliyokusudiwa. Kiingereza kimebadilika tangu 1611; zamani "prevent" ilimaanisha kutangulia. Nimwendeeje mzee bila kumvunjia heshima? Na tukiiacha, tunapoteza nini?

Mwalimu wa Fasihi
Mtapoteza mengi, usiiache. Nafundisha fasihi ya Kiingereza na kila muhula naiona. Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, mwaka 1858 aliposema nyumba iliyogawanyika haiwezi kusimama, wasikilizaji walijua ametoa katika Injili. Martin Luther King mwaka 1963 pale Washington alitamka Isaya 40, kila bonde litainuliwa, kwa maneno ya King James. Maneno hayohayo yanaimbwa katika Messiah, utunzi wa muziki wa Handel wa mwaka 1741. Kwaya yenu ikiimba "Haleluya" wakati wa Pasaka, imo humohumo.

Na kuna jambo ambalo watu hawalitilii maanani: ilitengenezwa isikike. John Selden, msomi wa Kiingereza aliyeishi zama hizo, anasimulia kwamba wafasiri walipokutana mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakiwa wameshika Biblia za lugha mbalimbali. Wakiona kosa wanasema, wasipoona anaendelea. Mpe kijana asome Isaya 40 akiwa amesimama, polepole, uone kanisa litakavyotulia.

Mama Upendo
Mwanangu, usiende kwa mzee na hoja za kumshinda. Nenda jioni, nyumbani kwake, peke yako. Yule binti asitajwe kabisa.

Msomaji wa Kale
Kuhusu "kupunguzwa", mzee hajatunga. 1 Yohana 5:7 ya King James ina maneno juu ya mashahidi watatu mbinguni, ambayo Biblia nyingi mpya zimeyaondoa. Ila ajue sababu. Msomi Erasmus hakuyaweka katika Agano Jipya lake la Kigiriki la 1516 wala la 1519, kwa kuwa hakuyakuta katika nakala za Kigiriki alizokuwa nazo. Aliyaingiza mwaka 1522 baada ya kulaumiwa na kuletewa nakala iliyokuwa nayo. Wafasiri wa King James wakarithi maandishi ya mkondo huo. Kwa hiyo hapo hakuna aliyekata neno la Mungu kwa hila.

Kitakachomgusa mzee, nadhani, ni wafasiri wenyewe. Mfalme James aliwakubalia kazi hiyo kwenye mkutano wa Hampton Court mwaka 1604, na kanuni waliyopewa ilikuwa kuifuata Biblia ya Maaskofu, tafsiri ya Kiingereza ya 1568, wakirekebisha panapohitajika. Sehemu kubwa ya Agano Jipya lao ni maneno ya William Tyndale, mfasiri aliyewatangulia, aliyenyongwa na kuchomwa mwaka 1536. Katika utangulizi wao wanasema hawakukusudia kutengeneza tafsiri mpya tangu mwanzo, bali kuifanya iliyo nzuri iwe bora zaidi. Tena pembeni mwa kurasa waliandika maana nyingine pale walipokuwa na shaka. Watu wa namna hiyo wasingemkataza kijana kulinganisha tafsiri.

Mlezi wa Vijana
Mungu awabariki. Nimeamua kumwomba mzee tununue King James chache za kusomea ibadani na kukariri, yeye mwenyewe awafundishe usomaji, na fedha nyingine tununue tafsiri ya Kiingereza cha leo kwa darasa la Biblia. Kesho jioni nakwenda kwake, na utangulizi ule nitamsomea.

Msomaji wa Kale
Uchapishe kabisa kabla hujatoka, maana Biblia nyingi za King James zinazouzwa leo hazina utangulizi huo. Humo utakuta ile barua fupi ya kumsifu mfalme tu. Ukimwambia mzee afungue yake, huenda asiuone, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mama Upendo
Na uchapishe kwa maandishi makubwa, mwanangu. Ni mtu mzima huyo.