Kulala nje usiku mmoja kwa baiskeli ukiwa unaishi Dar: nianzie wapi?

Mpanda Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina duka Kariakoo, Jumamosi naweza kufunga saa saba mchana na Jumapili sifungui. Mwanangu yuko darasa la saba, na sote wawili tuna baiskeli za mtumba za Japani zenye gia. Asubuhi huwa tunazunguka Segerea hadi Kinyerezi, sasa anataka tulale nje. Safari ya wiki nzima siiwezi. Nataka tutoke Jumamosi, tulale mahali penye hewa, Jumapili mchana tuwe nyumbani. Mama yake hana pingamizi ila anauliza: mtalala wapi, na nani anawajua huko? Sina jibu. Hema la watu wawili ninalo. Wenye uzoefu naomba mwongozo.

Mama Kibada
Karibu ndugu yangu. Jibu kwanza swali la mkeo, mengine yote yanafuata.

Mimi naishi Kibada, na masika yakishapita huwa natoka hivi na wadogo zangu. Nakushauri uende Gezaulole, huku kwetu Kigamboni, ufukweni. Kutoka Tabata usipite Mandela, malori ya bandarini hayampi mtoto nafasi. Shika Uhuru, pita Mnazi Mmoja, nenda Kivukoni mpande pantoni. Pale mshuke, mkokote baiskeli na kukaa upande wa watembea kwa miguu. Mkivuka mnapita Mjimwema, na kutoka Feri hadi Gezaulole ni kilomita 13 hivi. Kati ya Juni na Septemba kusi, upepo wa kutoka kusini, itawapiga usoni wakati wa kwenda. Msishindane nayo, wekeni gia nyepesi, kesho yake itawasukuma mgongoni hadi Feri.

Mfike saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado lipo. Msitafute kichaka. Ulizeni nyumbani kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kwa mjumbe, na mwingie mkikokota baiskeli. Toa kitambulisho, useme: "Shikamoo mzee, mimi natoka Tabata, huyu ni mwanangu, tunaomba hifadhi ya usiku mmoja, hema tunalo." Akishawaonyesha uwanja wa mtu, mpigie mkeo simu na umpe mwenyeji waongee wenyewe. Kwa kuwa una duka, beba sukari kilo moja na majani ya chai, umkabidhi mama mwenye nyumba kabla hamjafungua mizigo. Samaki wa jioni nunueni hapohapo kijijini.

Sasa bahari. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mchanga, maji hujaa karibu saa kumi hadi saa kumi na moja, jioni na tena alfajiri. Kwa hiyo mtayakuta yamejaa mkifika. Angalia mstari wa mwani mkavu mchangani, panda juu yake hatua ishirini ndipo uchomeke vigingi, kwa sababu alfajiri mkiwa usingizini yanarudi palepale. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayapandi mbali, ila hujaa usiku, kama saa nne, msishtuke mkiyasikia karibu. Hema liwe chini ya mivinje. Chini ya mnazi usilaze mtoto hata kama kivuli ni kizuri, nazi haitoi taarifa. Na pakiwa na mikoko karibu, sogeeni mbali, usubi wa pale hupenya hata wavu.

Maji bebeni lita tatu kila mtu, visima vya ufukweni vingi vina chumvi.

Kimya Kimya
Mama, mimi naona mnajitafutia maswali bure. Naingia giza likishashika, nalala, alfajiri nimeondoka. Hakuna aliyejua nilikuwepo. Mwenyekiti wa nini?

Mama Kibada
Mwanangu, Kigamboni ya leo viwanja vya ufukweni vina wenyewe, na vingi vina walinzi. Watu wa ulinzi shirikishi wakiona tochi vichakani saa tano usiku wanakuja na marungu, na wana haki, maana wao wanaibiwa. Wewe ni kijana uko peke yako, amua. Huyu ana mtoto. Mtoto akiamka na homa saa nane usiku, atagonga mlango wa nani kama hakuna anayejua yupo? Hapo sirudi nyuma hata kidogo.

Mkazi wa Kisarawe
Kama bahari si lazima, njooni huku kwetu. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Wasiliana na ofisi yao kabla, maana kuingia kunalipiwa na mnaelekezwa pa kulala. Jioni mnaweza kuwaona popo wakitoka kwenye mapango ya Pugu, kijana atafurahi. Ugumu ni njia: Gongo la Mboto Jumamosi ina daladala na bodaboda nyingi, na baada ya hapo kuna kilima cha Pugu. Kwa mara ya kwanza na mtoto, hata mimi ningeanza na Kigamboni.

Mpanda Tabata
Asanteni sana wote. Mama Kibada, mke wangu amesoma na amesema twende. Mawili yamebaki: mizigo tufunge vipi, na kijana abebe nini?

Mama Kibada
Kijana abebe shuka lake, nguo za kubadili na maji yake, basi. Hema na chakula beba wewe. Vitu vizito viweke chini kabisa kwenye keria, dumu la maji katikati, kisha funga kwa mipira ya tyubu kuukuu. Fundi baiskeli yeyote anakukatia, na inabana kuliko kamba. Ukimaliza, tikisa usukani kwa nguvu: mzigo ukicheza, fungua ufunge upya. Bebeni pampu, viraka, solusheni na tyubu moja ya ziada, na hakikisha saizi yake inaingia kwenye baiskeli zote mbili.

Mchangani msiendeshe, kokoteni. Cheni ipake mafuta ya cherehani kidogo, usipake grisi, inakamata mchanga. Jumapili mkifika nyumbani, kabla ya kuoga, zimwagieni baiskeli maji yasiyo na chumvi kila mahali, hasa spoku na breki, mfute na kupaka mafuta tena. Chumvi ikilala usiku mmoja kwenye cheni, Jumatatu ina kutu.

Nitumie ujumbe mkishapanga tarehe, niwaulizie mwenyekiti.