Kisu cha springi hakikazi hata baada ya kuzamishwa kwenye mafuta

makorora_visu
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Natengeneza kisu cha kupasulia samaki, bapa la sentimita 18, kwa springi ya pikapu. Nina shimo la udongo lenye bomba la inchi moja, drayer ya nywele, mkaa, grenda, tupa na jiliwa. Nakipasha moto hadi sumaku isinase, kisha nakizamisha kwenye lita 2 za mafuta ya alizeti. Tupa bado inakula. Nihamie kwenye maji? Na oveni ya kukipashia tena baada ya kukaza, ili kisikatike kirahisi, sina.

fuawe
Maji hapana. Springi nyingi ni chuma aina ya 5160 au ndugu zake, kaboni kama asilimia 0.6 na kromiamu kidogo. Hicho ni chuma cha mafuta. Maji yanakipoza ghafla mno na ufa huanzia kwenye makali.

Kabla ya kurudia chochote, sugua sehemu ndogo uondoe gamba la juu, kama sehemu mbili za kumi za milimita, ndipo ujaribu tupa upya. Ngozi ya nje hupoteza kaboni motoni, hivyo huwa laini hata kama ndani kumekaza. Tupa ikiteleza hapo, kisu ni kizima.

Ikiendelea kula, joto halikutosha. Sumaku huacha kunasa karibu nyuzi 770, na 5160 inataka kama 830. Kwa hiyo sumaku ikishaachia, subiri wekundu upande kidogo kuelekea rangi ya chungwa, ushikilie hapo dakika chache. Fanyia kivulini au magharibi. Juani chuma kilichoiva huonekana bado, nawe unazidi kupuliza mpaka kinatoa cheche nyeupe. Hapo kimeungua, kata kipande hicho utupe.

Lita 2 ni kidogo. Weka 4 au 5 kwenye kopo refu la chuma, si ndoo ya plastiki, na uyapashe hadi nyuzi 50 au 60. Wengi hawaamini, lakini mafuta ya uvuguvugu ni mepesi na hupoza chuma haraka kuliko yakiwa baridi. Tanguliza ncha, wima, usogeze mbele na nyuma kwa mkao wa kukata. Ukiyumbisha kushoto na kulia, kinapinda. Mfuniko wa bati uwe karibu, maana mafuta hushika moto. Oili chafu ya injini achana nayo, moshi wake ni sumu.

vifuu_tu
Nyongeza ya moto: nazi hapa hazikosekani, choma mkaa wa vifuu. Unatoa joto kali, na vipande vya sentimita 2 au 3 hukaa sawasawa kuzunguka bapa. Toboa bomba matundu ya milimita 6 kila baada ya sentimita 4, ili moto uenee urefu wote. Bomba lililopakwa zinki usiguse, mvuke wake unaumwa nao. Drayer iweke kwenye hewa baridi, isibanwe na bomba. Upepo unaupunguza kwa kuisogeza mbali. Umeme ukikatika iondoe mara moja, joto hurudi kwenye bomba likayeyusha mdomo wake.

Kuhusu oveni: sufuria yenye mchanga mkavu juu ya jiko la mkaa inatosha. Kisu kikishapoa kiasi cha kushikika, usikilaze hadi kesho, kinaweza kupasuka chenyewe. Kisugue bapa ling'ae, kilaze juu ya mchanga, mgongo chini, uangalie rangi. Ikifika ya majani makavu, toa kipoe, safisha, rudia mara moja. Ikifika bluu umepitiliza. Hiyo inafaa panga, si kisu cha samaki.

makorora_visu
Shukrani. Baada ya kusugua tupa inateleza! Ila kimepinda kama milimita 2. Mgongo ni milimita 4, makali niliyaacha nusu milimita.

mpini_wa_mvule
Hapo kwenye nusu milimita ndipo palipokupinda. Kabla ya moto acha makali milimita 1 hivi, umalizie baadaye ukichovya majini kila mara.

Usikigonge kikiwa baridi, kitakatika. Kifunge kwa klempu kwenye chuma kinene kilichonyooka, tia sarafu chini ya tumbo la mpindo ili kipinde kidogo upande wa pili, kisha kipitishe kwenye joto la mchanga kikiwa hivyo hivyo. Kikifunguliwa hurudi karibu na mstari.

Kwa kisu kijacho, funga tupa kwenye fimbo ya chuma inayopita kwenye pete, sentimita 40 kutoka makalini. Mgongo 4, makali 1, kila upande unaondoa milimita 1.5, mteremko ukiwa na upana wa milimita 25, pete ikae milimita 24 juu ya usawa wa makali. Ni polepole kuliko grenda, lakini pande mbili zinalingana.

Matundu ya mpini toboa kabla ya kukaza. Na kipande cha reli usinunue kwa ajili ya fuawe, ni mali ya watu na kesi yake nzito. Kichwa cha nyundo ya kilo 7 kilichozamishwa kwenye gogo kinatosha.