Naombeni ushauri: mazoezi na ibada ya alfajiri, nadumuje? Nimeanza kulegea

Mteremko_wa_Stesheni (mleta uzi)
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Nina miaka 34, nina mke na watoto wawili, makazi yangu Mwanga hapa Kigoma. Naomba ushauri wa kweli maana jambo hili linaninyima usingizi.

Mwaka huu, mwezi wa sita, niliamua kubadilika. Saa 11 alfajiri naamka, nasoma sura tatu za Biblia, naomba, halafu navaa raba nashuka mpaka stesheni na kupandisha tena hadi sokoni. Siku nyingine nilifika Ujiji. Nilipungua kilo 7. Zaidi ya hapo nilipata amani ambayo sijawahi kuwa nayo tangu niokoke. Siku zaidi ya 70 sikukosa hata moja.

Siku za karibuni nimelegea kidogo. Nifanyeje nidumu? Na kipi kitangulie, maombi au mazoezi? Nahisi mpangilio ndio unaniangusha. Nawasilisha.

Mzee_wa_Gungu
Maombi kwanza, mwanangu, hapo hakuna mjadala. Soma Marko 1:35, Bwana Yesu alitoka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipo watu akaomba. Hakuanza kwa kukimbia. Na Paulo alimwandikia Timotheo kwamba kuuzoeza mwili kunafaa kidogo, lakini utauwa unafaa kwa mambo yote. Vijana wa siku hizi mnapenda sana vifua.

Dada_Katubuka
Mzee wangu, shikamoo, ila "kunafaa kidogo" maana yake kunafaa! Mimi nasema mwili kwanza. Miaka miwili nilipiga magoti pembeni ya kitanda saa 11, nikija kushtuka ni saa 1 asubuhi, shuka limenichora shavu na sala iliishia "Baba yetu". Siku hizi nikiamka nachota maji ndoo tatu, nafagia uwanja wote, jasho likishatoka ndipo nakaa na Biblia yangu. Sijawahi kusinzia tena. Mume wangu anasema uwanja wetu ndio msafi kuliko wote mtaani na hajui kwamba ni kazi ya Roho Mtakatifu.

Swahiba_wa_Ujiji
Mimi ni Muislamu, naomba mnivumilie. Ninachokiona kwa ndugu yetu ni kwamba hana adhana. Sisi alfajiri inatuita, hatuitafuti. Marehemu baba alikuwa akirudi kutoka msikitini hapandi tena kitandani, anatembea kwa miguu mpaka ufukweni na kurudi, na alifanya hivyo hadi anafika miaka 80 na kitu. Hakuwahi kuyaita mazoezi. Alikuwa ameyafunga matembezi yale kwenye swala, kimoja kikija kingine kinafuata chenyewe. Tafuta kitu ambacho tayari kipo kwenye siku yako, ufunge hapo.

Nesi_Mstaafu
Swahiba umenena. Niongezee kidogo, maana nimefundisha wagonjwa wa sukari miaka mingi na wote walianza kwa moto wakazimika.

Kuna utafiti wa chuo kikuu kimoja cha London, uliochapishwa na Phillippa Lally na wenzake, walifuatilia watu 96 waliojiwekea tabia mpya ya kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lifanyike lenyewe bila kujilazimisha, lakini kuna aliyetumia siku 18 na kuna aliyekadiriwa kuhitaji siku 254. Na walichokiona ni kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu. Kinachojenga ni kurudia jambo lile lile kwenye mazingira yale yale, baada ya kifungua kinywa kwa mfano. Mazingira yakihama, tabia inabaki haina pa kushika.

Kwa hiyo nakuuliza mleta uzi, umelegea siku ngapi? Na unafanya kazi gani?

Mteremko_wa_Stesheni
Ahsanteni wote, Mungu awabariki. Nesi, siku kadhaa tu. Kazi yangu ni biashara. Ila mimi nadhani tatizo ni nidhamu, siyo kazi.

Nesi_Mstaafu
Biashara gani? Mwenye duka ana alfajiri yake, mama ntilie ana yake.

Mteremko_wa_Stesheni
Nanunua dagaa mwaloni Kibirizi, pale boti za uvuvi zinaposhusha mzigo, naanika, nasafirisha kwa treni.

Mpita_Njia2
Mkuu dagaa wakavu kilo bei gani sasa hivi? Nipo Tabora, huku wanatuuzia mchanga.

Nyavu_na_Taa
Ndugu mleta uzi, mimi ni wa ziwani, nisikilize. Umesema ulianza mwezi wa sita. Mwaka huu 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sote tulikaa nyumbani. Ulikuwa huna mzigo wa kupokea, unalala saa 3 usiku, unaamka saa 11 umeshiba usingizi. Hata mimi kipindi kile nilikuwa namsindikiza binti yangu shule kila siku mpaka walimu wakanizoea.

Ziwa limefunguliwa. Boti zinavua usiku kwa taa na zinaingia alfajiri. Saa 11 mnunuzi wa dagaa anatakiwa awe mwaloni amesimama kwenye maji, akichelewa anakuta ndoo zimeisha. Sasa wewe unataka saa hiyo hiyo uwe stesheni na raba? Hujalegea. Saa yako imechukuliwa na ziwa. Hamisha saa.

Dada_Katubuka
Jamani, uzi umeisha hapa. Nyavu kamaliza.

Mteremko_wa_Stesheni
Kaka Nyavu nashukuru, lakini kuhamisha saa siwezi. Alfajiri ndiyo saa niliyomwahidi Mungu. Niliomba nikasema, "Bwana, mwanzo wa siku ni wako." Nikihamishia jioni nitakuwa nampa Mungu makombo. Na mazoezi ya jioni watu wote wanakuangalia.

Nesi_Mstaafu
Makombo? Mwanangu, Danieli aliomba mara tatu kwa siku, na Zaburi ya 55 inataja jioni kwanza, ndipo asubuhi na adhuhuri. Biblia nzima ina sura 1,189. Ukisoma tatu kila siku na tano Jumapili, ndani ya mwaka umeimaliza, hata kama umezisoma saa 10 jioni ukiwa umekaa juu ya gunia.

Kwa upande wa mwili, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kutoa jasho la kawaida. Mwongozo wao wa 2020 uliondoa hata lile sharti la zamani la dakika kumi kumi mfululizo. Unapobeba ndoo za dagaa kutoka majini mpaka kwenye vichanja, mwili wako haujui kama ni kazi au mazoezi. Hesabu na hizo.

Mama_Mapacha_Kasulu
Mwakeye wote. Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mdogo wangu, mtu aliyekosa sala siku kadhaa hakosi usingizi namna hii. Umepewa jibu la saa umelikataa, umepewa jibu la mwili umenyamaza. Kuna kitu hujakisema. Sisemi kwa ubaya. Kiseme tu, hapa hakuna anayekujua.

Mteremko_wa_Stesheni
Dada yangu, nimekaa na simu hii nusu saa nafuta na kuandika.

Mimi ni mwenyekiti wa vijana kanisani kwetu. Lile zoezi la alfajiri sikulifanya peke yangu. Nililianzisha kwenye kundi la watsapu, tuko 17. Kila mtu akimaliza anaandika "Tayari" na sura alizosoma, halafu dakika alizokimbia. Mimi ndiye ninayefungua orodha kila asubuhi.

Tangu katikati ya Agosti sijakimbia hata siku moja. Kusoma nimesoma labda mara nne. Siku za mbalamwezi, boti zikiwa hazitoki, nilikuwa na nafasi kabisa, nikalala kufidia. Lakini kila asubuhi nikiwa mwaloni naandika "Tayari" na sura tatu. Wiki sita sasa. Mchungaji amefurahi, Jumapili hii amenipangia nitoe ushuhuda mbele ya kanisa lote kuhusu kudumu.

Nimeshaamua hivi: nitawaambia nimeumia goti, nipumzike wiki mbili, halafu nianze upya kwa kweli. Ushuhuda nitautoa kwa zile siku 70 ambazo ni za kweli kabisa. Hapo sijadanganya mtu. Nilichokuwa nahitaji kwenu ni mbinu tu ya kurudi.

Mzee_wa_Gungu
Mwanangu. Anania na Safira, Matendo 5. Sina la kuongeza.

Dada_Katubuka
Mzee usimuue mtoto wa watu! Ila kaka, goti hilo litakutesa. Mimi niliwahi kudanganya kazini kwamba nina malaria, nikalazimika kutembea polepole wiki nzima kila nikipita karibu na ofisi. Uongo una matunzo kuliko ukweli.

Swahiba_wa_Ujiji
Kusema siku 70 na kunyamazia wiki sita, huo nao ni uongo, umepunguzwa maneno tu. Ndugu, usipande madhabahuni na hilo.

Kanali_Mstaafu_TBR
Samahani wakuu. Mimi nipo Tabora, nimesoma uzi wote, na hii ni chai. Tena ya maziwa. Angalieni wenyewe. Kigoma ni mji mdogo. Jamaa kila alfajiri yuko Kibirizi, mwalo umejaa watu, halafu katika watu 17 wa kanisa moja hakuna hata mmoja aliyemwona huko kwa wiki sita wakati anaandika amekimbia? Hakuna shangazi anayenunua dagaa? Na mtu anayekiri kwamba amedanganya kundi lake wiki sita, sisi tunamwamini kwa lipi? Huyu anatunga, kesho atatuambia goti limeoza.

Mpita_Njia2
Duh, kweli kabisa. Nilishaanza kumwonea huruma.

Nyavu_na_Taa
Kanali ana hoja. Mwaloni pale tunajuana kwa sauti, hata gizani. Mleta uzi jibu hili.

Mama_Mapacha_Kasulu
Jibu, mdogo wangu. Na kama umetunga sema pia, tutaenda zetu kulala.

Mteremko_wa_Stesheni
Sijatunga. Natamani ningekuwa nimetunga.

Kanali umeuliza nani ameniona. Yupo. Ana miaka 19, ninamlipa kwa siku, anabeba ndoo na kuanika. Ni mmoja wa wale 17. Mimi ndiye niliyemleta kanisani mwaka jana, hana baba. Kila alfajiri tunasimama pamoja kwenye maji na ananiona naandika "Tayari".

Wiki ya kwanza alikuwa ananiangalia halafu anageuza uso. Yeye alikuwa haandiki kitu, alikuwa mkweli, mpaka watu kwenye kundi wakaanza kumsema kwamba amerudi nyuma. Mimi nikiwa mwenyekiti nikamwandikia pale pale mbele ya wote, "Usikate tamaa, mwenzenu natoka kazi hiyo hiyo na ninaweza." Mungu anisamehe, niliandika hivyo.

Siku iliyofuata naye akaandika "Tayari". Alikuwa amesimama mita mbili kutoka kwangu na ndoo mkononi. Tangu hapo anaandika kila siku. Hatujawahi kulizungumza. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi, siyo mazoezi.

Kanali_Mstaafu_TBR
Nafuta kauli yangu. Ndugu, samahani sana.

Nesi_Mstaafu
Ee Mungu.

Mzee_wa_Gungu
Na mimi nilisema haraka. Mwanangu, nenda kwa mchungaji leo usiku, usingoje Jumapili. Mwambie yote, akutoe kwenye ratiba.

Mteremko_wa_Stesheni
Mzee, nikienda kwa mchungaji kijana ataonekana naye ni mwongo mbele ya kanisa. Ndiyo maana nikaona goti ni bora. Linanifunika mimi na linamfunika yeye.

Mama_Mapacha_Kasulu
Hapana. Goti linakufunika wewe. Yeye atabaki anajua, na atajifunza kwamba hivi ndivyo watu wa Mungu wanavyotoka kwenye jambo.

Sikiliza, mdogo wangu. Usianze na mchungaji, wala usianze na kundi. Anza na huyo mtoto. Mwambie, "Nilikudanganya mbele ya watu na nikakufanya udanganye. Kosa ni langu." Usimwombee, usimfundishe, usimpe mstari. Mwambie hilo tu na umsikilize. Kisha umuulize kama anakuruhusu kwenda kwa mchungaji, na ukienda useme ya kwako, ya kwake ayaseme mwenyewe akitaka.

Halafu ile habari ya saa. Umesema jioni ni makombo. Kasome Yohana 21. Wale wanafunzi walikuwa wamevua usiku kucha hawajapata kitu. Kulipokucha Bwana alikuwa amesimama ufukweni, na walipofika nchi kavu wakakuta moto wa makaa, samaki na mkate. Aliwafuata kwenye mwalo wao, saa ya kazi yao, akawapa kifungua kinywa. Wewe na kijana wako mko kwenye maji saa hiyo hiyo. Mnaweza kusoma sura moja pale mkisubiri boti, mmoja amulike tochi ya simu. Mazoezi yafanyeni jioni dagaa wakishaanuliwa, watu wakiangalia na waangalie.

Nyavu_na_Taa
Mwaloni wapo wavuvi wanaosali kabla ya kushusha mzigo, nimewaona kwa macho yangu. Hamtakuwa wa kwanza. Nikisikia watu wawili wanasoma kwa sauti nitawasogelea na mimi.

Swahiba_wa_Ujiji
Inshallah. Ndugu yangu, kijana yuko wapi sasa hivi?

Mteremko_wa_Stesheni
Yuko nje hapa, anageuza dagaa kwenye vichanja kabla jua halijashuka. Namuona kupitia mlango.

Nimesoma yote. Ya goti nimeyaacha. Jumapili sijui bado, hilo mniombee.

Ameniita, anauliza kama afunike turubai maana kuna wingu upande wa Kongo. Naweka simu chini natoka.